Namba isiyo tasa na kazi ya kuipasua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi kuhusu usalama wa fedha mtandaoni niliifurahia hadi pale mlipoandika kwamba siri zetu ziko salama kwa kuwa kompyuta haziwezi kutambua kama namba kubwa sana ni tasa (yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe) au la. Nimefundisha hisabati shule ya msingi hadi nikastaafu, siwezi kulipita hilo kimya. Kompyuta hutambua, tena upesi. Kinachozishinda ni kupata vigawo vya namba ambayo tayari inajulikana si tasa.

Wengi huona hayo ni mamoja. Chukueni 15. Mfaransa Fermat alituachia kanuni: kwa namba tasa yoyote isiyo 2, pandisha 2 kwa kipeo kilicho pungufu ya namba hiyo kwa moja, kisha gawanya kwa namba yenyewe, lazima ibaki 1. Kwa 7, kipeo ni 6, jibu 64, inabaki 1. Sawa. Kwa 15, kipeo ni 14, jibu 16,384, inabaki 4. Basi 15 si tasa, na hapo hatujaitaja 3 wala 5.

Sasa njooni kwenye namba yenyewe niipendayo: 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Ni 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu 21. Mwaka 1644 padri Mfaransa Mersenne aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa. Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas akathibitisha, kwa kipimo chake mwenyewe, kwamba si tasa, lakini hakuweza kutaja hata kigawo kimoja. Ikakaa hivyo miaka 27.

Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati wa Marekani jijini New York, alisimama Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakufungua mdomo. Upande mmoja wa ubao alikokotoa ile namba. Upande wa pili akazidisha kwa mkono 193,707,721 mara 761,838,257,287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, eti alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kuzidisha huko ni kazi ya asubuhi moja kwa mtoto wa darasa la sita mwenye subira (na karatasi pana). Asiye na subira ajumlishe tarakimu mpaka ibaki moja: kigawo cha kwanza kinatoa 37, kisha 10, kisha 1, cha pili 64, nacho kinaishia 1, na ile namba kubwa 109, inaishia 1 vilevile. Moja mara moja ni moja. Huo si uthibitisho, ila ungenasa makosa mengi ya kuzidisha. Halafu gawanyeni kila kigawo kwa 67: vyote viwili vinabakiza 1. Haikutokea kwa bahati. Kigawo chochote cha namba hii ni lazima kifanye hivyo, na Cole aliitumia sheria hiyo kupunguza msako.

Hapo ndipo kufuli la mtandaoni lilipozaliwa mwaka 1977, kwa mikono ya Rivest, Shamir na Adleman. Unachagua namba tasa mbili kubwa, jambo linalowezekana kwa sababu kompyuta hutambua namba tasa, unazizidisha, kisha unamwonyesha kila mtu jibu, ukijua kwamba kulipasua ili kuzipata zile mbili kutamshinda. Kama makala yenu ingekuwa kweli, kufuli lenyewe lisingetengenezeka.

Naomba mrekebishe. Na kwenye ukurasa wa mafumbo, badala ya kurudia yaleyale ya umri wa baba na mwana, wapeni watoto 8,051 waipasue. Ina vigawo tasa viwili, na anayeanza kuisaka kutoka 90 × 90 atamaliza kabla chai haijapoa. Msiwape tu 2 kwa kipeo cha 1,277 toa 1. Hiyo ina tarakimu 385, inajulikana kabisa kwamba si tasa, na mpaka ninapoandika hakuna aliyewahi kuipatia kigawo.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe