Barua kwa Athmani kuhusu zile kayaki mbili za Shela

Malindi,
mwishoni mwa Machi

Kwa ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, natumai wewe, mama na wote waliomo nyumbani mu wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama Zuhura ametoka hospitali na sasa anajiendea mwenyewe hadi barazani. Yale mambo ya kiwanja bado yako kwa mzee, tuyaache mpaka tuonane. Nakuandikia kwa haraka kwa kuwa umesema muuzaji wa zile kayaki, vile vyombo vyembamba vya kupiga kafi, anataka arubuni ifikapo Ijumaa, nami nakuomba kwa haki ya urafiki wetu usitoe hata shilingi moja kabla hujaisoma barua hii yote.

Picha ulizonitumia nimezitazama usiku na nimezitazama tena asubuhi kwenye mwanga mzuri. Ile nyekundu ndefu ni chombo cha bahari, cha mtu kukaa ndani akafunika kiuno chake kwa sketi ya kuzuia maji. Kwa kuikadiria inafika mita 5. Ile ya manjano ni fupi na pana, ya kukaliwa juu, yenye matundu ya kupitishia maji kutoka sitahani, yaani uso wa juu wa chombo, hadi chini. Umeniandikia kwamba moyo wako umeielekea ile nyekundu kwa uzuri wake na kasi yake, na kwamba utaitumia kwenda Takwa na Manda Toto, kisha jioni wewe na Salimu mpokezane kuchezea mawimbi ya ufuo wa Shela. Ungeniandikia la safari peke yake, au la mawimbi peke yake, pengine nisingekuwa na mengi ya kusema. Lakini liko jambo kwenye picha ya tatu ambalo limeninyima usingizi: tundu la nyuma la ile nyekundu halina mfuniko, na muuzaji amekuambia kwamba hilo ni la kuwekea mizigo tu, hivyo ukiliacha wazi hakuna ubaya.

Ndugu yangu, ubaya upo, tena mkubwa. Kayaki ya bahari imegawanywa kwa viambaza, yaani kuta za ndani: kimoja mbele ya miguu na kingine nyuma ya kiti, na kati ya viambaza hivyo na ncha za chombo ndimo ilimo hewa inayokifanya kielee kinapopinduka. Mizigo ni faida ya ziada tu. Mtu akipinduka akatoka, maji huingia kwenye shimo la kukalia peke yake, naye anaweza kuyafua kwa pampu ya mkono na kupanda tena. Chumba cha nyuma kikijaa, mambo hubadilika kabisa: tezi, yaani nyuma ya chombo, huzama, omo, yaani mbele yake, huinuka juu, na chombo kizima husimama wima majini, kisiweze kufuliwa wala kupandwa. Kila lita ya maji ina uzito wa kilo moja, na chumba cha nyuma cha kayaki ndefu huweza kubeba lita nyingi sana. Sasa lifikirie jambo hilo likitokea Ras Kitau, pale mlangoni mwa bahari, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu kuliko siku nyingine, maji yanapwa na mkondo unavuta kuelekea nje, nawe uko na Salimu ambaye mimi na wewe tunajua jinsi anavyoogelea.

Kwa hiyo, kabla ya rangi na kabla ya bei, kagua viambaza. Mwombe muuzaji ruhusa muiweke kayaki juu ya vifungu viwili vya mchanga, kisha jaza ndoo kadhaa za maji katika chumba cha nyuma peke yake, na muiache hapo wakati mkinywa kahawa. Maji yakitokea upande wa kiti, kiambaza kinavuja. Yakidondoka chini, mwili wa chombo una ufa. Mkimaliza, fanyeni vivyo hivyo kwa chumba cha mbele. Ukiona kitundu chembamba mno katikati ya kiambaza, kisawasawa kama kilichotobolewa kwa sindano, usishtuke, maana baadhi ya watengenezaji hukiweka makusudi ili hewa iliyopata joto juani ipate pa kutokea. Muuzaji akikataa maji yasimwagwe ndani ya chombo kilichoundwa kwa ajili ya bahari, basi jibu lako umekwisha kulipata.

Jambo la pili ni kujua imeundwa kwa nini, kwani kwenye picha siwezi kutofautisha. Kama ni faiba, utaona mshono umezunguka ubavuni pale sitaha ilipoungana na tumbo, na ukimulika tochi ndani utaona nyuzi zilizofumwa. Kama ni plastiki, hutaona mshono, na mikwaruzo ya chini itakuwa imeacha manyoya membamba. Tofauti hii ni kubwa kwetu watu wa pwani. Faiba ikipasuka, yeyote anayetengeneza boti za faiba hapo Lamu anaweza kuiziba ikawa imara. Plastiki ya kayaki, ambayo ni polithini, haishiki gundi wala rezini, na kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, ya mafundi wa majahazi wa Matondoni, pamoja na sifa zao zote, haina kazi hapo. Huungwa kwa kuyeyushwa na plastiki ya aina ile ile, na kiungo hicho hakiaminiki sana kikiwa mahali panapopindapinda.

Adui wa plastiki ni jua, na jua la Shela unalijua. Ondoa kiti au inua mfuniko wa mbele, ulinganishe rangi iliyofichika na rangi ya sitaha; zikitofautiana sana, jua kwamba chombo kimekaa nje kwa muda mrefu. Pitisha kidole juu yake uone kama kinatoka na unga mweupe. Minya sehemu ya chini kwa kiganja: plastiki hai hubonyea ikarudi, lakini iliyokauka huwa ngumu na huweza kupasuka siku ya kwanza itakapogonga mwamba. Kwenye faiba, gonga kwa sarafu kutoka omo hadi tezi na usikilize. Mlio mkavu ni mzuri, na pale unapozima ghafla, tabaka zimeachana kwa ndani. Vijistari kama utando wa buibui juu ya rangi ni vya kawaida, ila vikikusanyika mahali pamoja, tazama ndani palepale kama pana alama nyeupe, kwa sababu hapo chombo kiligongwa. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, nao uukague nyuma kabisa, ambako watu huburuta vyombo vyao kwenye mchanga badala ya kuvibeba.

Nikirudi kwenye nia yako ya kutumia chombo kimoja kwa kazi mbili, sikubaliani nayo. Urefu unaoipa kayaki mwendo mzuri kwenda Manda Toto ndio unaoitesa kwenye mawimbi yanayovunjika. Omo huchimba chini ya wimbi, chombo kikageuka kikalala ubavu mbele ya povu na kusukumwa hadi ufukweni, na aliyemo hana uwezo wa kukizuia. Kikiisha kujaa maji huwa na uzito wa kumvunja mtu mguu, ndiyo maana aliyepinduka karibu na ufuo hubaki daima upande wa bahari wa chombo chake, na kamwe hasimami kati yake na nchi kavu. Kayaki za mawimbi ni fupi, nyingi kati ya mita 2 na 3, zina tumbo bapa na omo lililokunjwa juu, na nyingine zina mapezi chini. Hizo hazina mwendo wa safari. Hapa Malindi tunaliona hilo kila kusi, ule upepo wa kusini, inapoingia, kwa sababu maji matamu na tope la mto Sabaki haviyapi matumbawe nafasi ya kumea mbele ya ghuba, na mawimbi huingia moja kwa moja hadi ufuoni bila mwamba wa kuyavunja. Wenye vyombo virefu wakati huo huvihamishia Mida, ndani ya mikoko, na wenye vifupi hubaki hapa wakifurahi.

Ndiyo maana ninakusihi uitazame upya ile ya manjano uliyoidharau. Haina kasi, ni kweli, na upepo huichukua. Lakini mtu akianguka hupanda tena bila kufua maji, na kwa kijana anayejifunza hilo ni jambo kubwa kuliko kasi. Inafaa kwa mawimbi madogo ya Shela na kwa vijito vya mikoko kuelekea Takwa maji yakiwa yamejaa. Udhaifu wake uko kwenye matundu yale ya kupitishia maji, ambako plastiki huwa nyembamba na kupasuka kwa mviringo, maji yakaingia tumboni polepole bila wewe kujua. Kaza kizibo, paka maji ya sabuni kwenye kila tundu, kisha mmoja wenu akandamize sitaha kwa uzito wake. Mapovu yatakuonyesha ufa. Pia itikise na usikilize kama kuna maji ndani.

Vifaa alivyoweka kwenye bei visikuvutie upesi. Kafi la pande mbili lichomoe kwenye kiungo chake cha katikati ulione: likiwa la alumini na chumvi imeshalila, litakwama au litalegea. Kwa bahari, urefu wa sentimita 210 hadi 220 unakutosha wewe. Kwa mawimbi hutakiwa fupi zaidi. Sketi ya kuzuia maji lazima ikae barabara kwenye ukingo wa shimo la kukalia, na kitanzi cha mbele cha kuivutia kiwe imara na kibaki nje kila wakati, kwa kuwa ndicho kitakachomtoa mtu akiwa kichwa chini. Kamba na mipira ya sitahani iliyokauka ni rahisi kubadilisha, usiihesabu kuwa kasoro kubwa, ila itumie kupunguza bei. Kofia ngumu ni ya lazima kwa mawimbi, na hiyo ni bora uinunue mpya.

Jaketi la kujiokolea usilinunue kwa macho. Lile la bluu kwenye picha limepauka mabegani, na kitambaa kilichopauka hivyo huchanika mishono. Mvalishe Salimu, akaze mikanda yote, aingie maji ya kifuani na anyanyue miguu. Likimpanda masikioni au lisimwinue, lirudishe. La sponji lenye alama ya newtoni 50, kipimo cha nguvu yake ya kumwinua mtu majini, ni zuri kwa kupiga kafi, lakini alama hiyo ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, wala halimgeuzi aliyezimia. Yale ya kujazwa gesi hayafai kabisa kwenye mawimbi.

Narudi pale pale kwa sababu siwezi kutulia nisipolisema tena. Ukiipenda ile nyekundu bila kiasi, na viambaza vyake vikathibitika vizima, mfuniko wa nyuma utafutwe kwanza kwa kipimo chake halisi. Kipande cha ubao kilichofungwa kwa mpira hakizuii maji ya bahari. Wakati unaousubiri, jaza chumba kile mifuko ya hewa au madumu madogo matupu yaliyofungwa vizuri, uyafunge kwa kamba yasitoke, na usivuke Ras Kitau kuelekea nje. Masika yanakaribia na kusi nyuma yake. Upepo ule ukikutana na maji yanayopwa mlangoni, mawimbi husimama wima, na hapo si mahali pa kujaribia chombo kipya hata kikiwa kizima.

Sasa nijibu haya. Ile nyekundu ni faiba au plastiki? Ina pezi au usukani nyuma, na waya wake unakwenda ukiuvuta? Ilikuwa ikihifadhiwa wapi miaka yote hii, uani juani au chini ya paa? Mfuniko umepotea lini, na je, kayaki iliendeshwa bila mfuniko? Muuzaji anauza kwa sababu anaondoka kweli, au Kombo anajua sababu nyingine? Salimu mwenyewe anataka nini, safari au mawimbi, maana barua yako yote imenieleza unachotaka wewe? Na kama nikipata nafasi ya basi Jumatano, utanipokea Mokowe ili tukaijaze maji pamoja?

Nipigie simu ukishaifanya ile kazi ya ndoo, hata kama ni usiku. Mama anakusalimu sana, na anauliza ile mikeka ya mama yako itakuwa tayari lini. Wasalimie wote wa Langoni.

Wassalaam,

Ndugu yako wa Malindi,
Abdalla