Sungura mwenye kinu

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama baridi imeanza huko Changsha.

Picha ya keki ya mwezi, ile ya sikukuu ya Wachina ya mwezi mpevu, imefika. Unauliza yule sungura wa mwezini aliyechorwa juu yake anafanya nini na kinu. Anatwanga dawa ya kutokufa, mwanangu! Sungura wetu wa hadithi hula jasho la wenzake. Huyu wa Wachina ndiye mtwangaji, usiku kucha. Nami nilicheka nilipokuwa mwanafunzi huko.

Hou Yi, mpiga upinde aliyeangusha majua tisa kati ya kumi, alipewa dawa hiyo na Xiwangmu, Mama Malkia wa Magharibi. Mkewe Chang'e akaimeza, mwili ukawa mwepesi, akapaa hadi mwezini. Dawa hiyo imetajwa katika Huainanzi, kitabu ambacho mwanamfalme Liu An alimkabidhi mfalme Wu wa nasaba ya Han mwaka 139 KK, na humo Chang'e ni mwizi. Siku hizi wengi humtetea: aliimeza ili mwovu asiichukue. Masimulizi ya kale yanasema alipofika aligeuka chura. Mama yako hataki kuisikia sehemu hiyo.

Kila siku unasema taiyang, jua kwa Kichina, yaani yang kuu, upande wa mwanga. Mwezi ndio taiyin, yin kuu. Usiifanye yin kuwa uovu, kama wengi wanavyokosea. Ni upande wa kivuli, maji na utulivu. Watao, wafuasi wa dini ya Tao, waliokuwa wakisaka maisha yasiyokoma waliona mwezi unapungua, unapotea, kisha unaandama tena, na maandiko yao ya dawa yakapima hata ukali wa moto wa kuipikia kwa hatua za mwezi.

Kuna na Wu Gang, aliyekosea katika mafunzo ya kutokufa akahukumiwa kukata mti huko juu. Akipiga shoka, jeraha linajifunga. Ndivyo nilivyojifunza herufi za Kichina: leo nazikariri, kesho sina hata moja.

Jumamosi nenda Makumbusho ya Hunan. Tazama kitambaa cha hariri kilichofukuliwa Mawangdui mwaka 1972, katika kaburi la mke wa mtawala wa Dai, la zaidi ya miaka 2,100. Juu, upande mmoja kuna jua lenye kunguru, upande wa pili mwezi mwembamba wenye chura na sungura. Mwangalie vizuri huyo sungura: hana kinu bado, anaruka tu.

Keki ya mbegu za yungiyungi niwekee moja.

Baba yako