Sele, usiifomati hiyo diski

Sele mwanangu,

Kabla ya salamu, kabla ya yote, kama ile diski yangu nyeusi imechomekwa kwenye laptopu yako sasa hivi na Windows inakuuliza uifomati, yani uifute yote uanze upya, kataa. Bonyeza kensel, funga hako kadirisha, chomoa diski uiweke juu ya kabati watoto wasiifikie, afu ndo urudi tuendelee.

Umechomoa? Haya.

Mambo vipi kaka, habari za kisiwani, shule imefunguliwa? Mama hajambo? Huku Dar tunadunda tu, joto lile lile, Mudi kaoa tena (nitakusimulia siku nyingine, ni stori ya saa nzima). Naandika imeili sababu nimekupigia mara tisa toka asubuhi hupatikani na WhatsApp tiki bado moja, najua ukifika ofisi ya shule kuna intaneti utaiona hii kwanza. Naomba Mungu uione kabla ya Rehema hajaipata hiyo diski.

Maana uliniandikia jana saa nne usiku, nanukuu, "kaka ile diski yako nimeikuta kwenye begi, imekufa, inadai fomati, kesho naifomati nimpe Rehema aweke mitihani". Mimi nimeiona leo alfajiri, nikaruka kitandani kama nimeng'atwa na siafu. Afu ukazima simu! Yani unaacha bomu limewashwa unaenda kulala.

Haijakufa, Sele. Unakumbuka ile 2021 nilivyokuwa nimepagawa na Linux, ule mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, nimemwekea hadi Mama Nasra kwenye kompyuta ya duka akanisema mwezi mzima? Kipindi kile ndo niliifomati hiyo diski kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Windows haiijui ext4, ikikutana nayo inaona diski tupu haina kitu, ndo maana inakwambia huwezi kuitumia mpaka uifomati. Ni ile ile ya enzi za intaneti kafe ya Mudi pale Magomeni, wale kirusi wa shotikati, mtu analeta flashi analia faili zake zote zimepotea kumbe zimefichwa tu, tunaandika attrib -h -r -s tunapokea buku letu. Kuna mteja mmoja mwalimu mzee alitubariki mpaka tukaona aibu. Basi na hiyo diski ni hivyo hivyo, vitu vimo, macho ya Windows ndo hayavioni.

Sasa kwanini napiga kelele hivi. Jumapili ya juzi simu yangu ilidumbukia kwenye ndoo ya kuogea. Usiulize nilikuwa naangalia nini bafuni. Nikaitoa haraka, nikaizima, afu mimi huyu niliyewacheka watu miaka kumi nikaizika kwenye mchele siku mbili, mke wangu ananiangalia tu hasemi neno, na mchele wenyewe hausaidii chochote najua vizuri, lakini ukifiwa unashika lolote. Siku ya tatu nikabonyeza pawa, giza. Chaji haiingii. Nikaipeleka Kariakoo mtaa wa Aggrey kwa dogo mmoja anajua kazi, akaifungua, akanisogezea darubini nichungulie, pembeni ya soketi ya chaji pana ukungu wa kijani kama wa sufuria ya shaba. Akashikisha nyaya za pawa saplai, namba ikapanda kidogo ikarudi sifuri, ikapanda ikarudi. Akashusha pumzi akasema, "bodi hii bro."

Simu sio tatizo, simu ni chuma. Tatizo ni video ya mzee wangu, baba.

Desemba 2020 nilivyopanda Lushoto, mzee alinishika mkono akasema leo tunazunguka shamba, shika hiyo simu yako upige picha. Nikarekodi video moja ndefu dakika kumi na moja. Anaanzia kwenye lile jiwe kubwa la chini, anafuata mfereji, kila kona anasimama anagonga fimbo chini anasema hapa ni kwa fulani, hapa baba yake fulani alipanda mwati, mpeasi huu ndo mwisho wetu. Kuna sehemu anachoka anakaa chini, mimi nataka kuzima ananikataza, anasema acha iende nikipumzika nako ni shambani. Miezi minane baadaye tukamzika hapo hapo juu. Sasa mwaka huu baba mdogo (yule yule) kaanza kusogea, kang'oa miwati miwili, anasema mpaka ni mfereji wa pili sio wa kwanza, na mwenyekiti wa kitongoji ni mgeni hajui kitu. Kikao ni tarehe 20. Mama ananiambia kila siku, si una ile video ya baba yako, njoo nayo. Nami najibu ndiyo mama ninayo.

Ninayo! Iko kwenye simu iliyoenda kuoga.

Utasema Google Photos. Mwanangu, toka ile Juni 2021 walivyofuta bure ya kupakia bila mwisho, GB 15 zangu zilijaa, na WhatsApp nao bakapu zao wakaanza kuzihesabia humo humo 2024, magrupu ya harusi peke yake yalikuwa yamekula nusu. Nikazima bakapu "kwa muda", nitapanga wikiendi. Wikiendi ya 2024 hiyo. Mimi, ninayewapigia watu wote kelele za bakapu, niliyemwambia Chale mbele ya mkewe kwamba mtu asiye na kopi mbili hana kopi. Chale kaisikia hii habari, jana kanitumia voisi ya sekunde arobaini, thelathini na tano ni kicheko.

Na kwa WhatsApp sikuwahi kumtumia mtu, wakati ule mwisho wa faili ilikuwa MB 100 na video ni GB moja na ushee. Kaka yangu nilimtumia kipande cha mwanzo tu, nacho kafuta.

Yule dogo wa Aggrey mwanzo alinipa matumaini, eti atanyofoa memori aiweke kwenye boksi asome data. Nikamwambia dogo hiyo ni ya simu za zamani. Kuanzia Android 10 simu yoyote mpya inatoka na data imefungwa, na ufunguo haukai kwenye memori, unajengwa na prosesa yenyewe, ule ubongo wa simu, pamoja na ile patani yako ya kufungulia simu, ukiitoa memori peke yake unasoma matope. Akacheka akasema basi bro unaijua. Dawa iliyobaki ni kunyofoa prosesa na memori vyote viwili avipandishe kwenye bodi ya simu nyingine kama hiyo iliyo nzima, laki tatu na nusu, na hakuhakikishii, joto likizidi kidogo umekwisha vyote. Nimemwambia ngoja kwanza. Ngoja kwanza sababu nilikumbuka diski!

Machi 2022 nilivyobadilisha simu nilihamisha kila kitu cha simu ya zamani kwenye diski, kwenye folda inaitwa HIFADHI_SIMU_2022. Nina uhakika asilimia... yani nakumbuka naitengeneza hiyo folda. Nakumbuka umeme ulikatika katikati. Nilirudia? Nadhani nilirudia. Afu wiki hiyo hiyo ukaja ukachukua diski ili upate muvi za kwenda nazo kisiwani, ukasema unairudisha Pasaka. Pasaka ipi Sele? Lakini leo sikulaumu, ungeirudisha ningekuwa nimeshaifomati mwenyewe mara tatu.

Basi fanya hivi. Nilitaka nikwambie usiiguse kabisa, uifunge kwenye taulo umpe mtu wa basi Mwanza aniletee, lakini nikifikiria ile barabara na makonda wanavyorusha mizigo moyo unakataa. Afu ikipotea njiani je. Kwahiyo bora kwanza ukopi hiyo folda hapo hapo, ndo uitume.

Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana. Pakua Linux Mint, aina moja ya Linux, hapo ofisini, ni karibu GB 3, usitumie bando lako. Iandike kwenye flashi kwa Rufus, kile kiprogramu cha kutengenezea flashi ya kuwashia kompyuta. Na hapa nisikilize vizuri, diski iwe haijachomekwa kabisa, maana Rufus inafuta chochote unachoichagulia, nakujua wewe na haraka zako. Ukimaliza zima hiyo laptopu yako ya ThinkPad, chomeka flashi, washa huku unagonga F12, chagua flashi. Itawaka Linux bila kugusa Windows yako, usibonyeze ile ikoni ya kuinstoo, we acha tu. Ikishawaka ndo uchomeke diski, itatokea yenyewe. Ukikuta folda ina alama ya kufuli usiogope, bonyeza kulia, kuna sehemu ya kufungua kama root, yani mwenye ruhusa zote. Kopi HIFADHI_SIMU_2022 ipeleke kwenye laptopu.

Ila ukichomeka ukasikia inagonga ndani, ta, ta, ta, zima hapo hapo. Usijaribu mara ya pili ukisema labda. Hiyo itakuwa sindano inakwaruza, na kila ukiwasha inakula zaidi. Ikiwa hivyo taulo na basi, liwalo na liwe.

Na ukiipata hiyo video usinitumie kwa WhatsApp kama video, itakamuliwa na kupoteza taarifa zake za tarehe. Chale (baada ya kumaliza kucheka) anasema toka sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 ushahidi kama huu unapokelewa, ila watauliza ilihifadhiwaje na kama imeguswa. Kitongojini hakuna atakayeuliza hivyo, lakini baba mdogo ninavyomjua hataishia kitongojini. Kwahiyo nataka faili lenyewe kama lilivyo, lipakie Google Drive unipe linki, nimeshasafisha nafasi, nimefuta harusi zote.

Kuhusu lile swali lako kama laptopu yako inaweza kuwekwa Windows 11, nilikuwa nimesahau kukujibu. ThinkPad X260 yako haiwezi kwa njia halali, prosesa ni kizazi cha sita na wao wanataka cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kuna njia za kuzunguka, wapo wanaofanya, mimi sikushauri kwa mashine ya kazi. Windows 10 masasisho ya kawaida yalikwisha 14 Oktoba 2025. Hiyo flashi ya Mint utakayotengeneza, ukimaliza kazi yangu usiifute, itumie wiki moja uone, RAM ya GB 8 hapo inapepea. Ila tusianze hiyo mada, nitakuwa nimekupagawisha na wewe, na kwanza diski.

Kitu kimoja kinaniumiza kichwa toka alfajiri. Kama umeshaifomati (Mungu apishe mbali), usiweke kitu chochote juu yake, hata mtihani mmoja. Ile fomati ya haraka inachora tu orodha mpya, vitu vingi vinabaki chini na kuna programu za kuvifukua, TestDisk na PhotoRec nimezitumia. Lakini ile fomati ndefu ya Windows inaandika sifuri kote, hapo hata mimi nitakaa chini kwenye mpeasi nipumzike kama mzee. Sitakasirika. Yani nitakasirika, lakini niambie ukweli.

Haya nijibu haraka: umeifomati au hujaifomati? Kama umeifomati, kile kisanduku cha fomati ya haraka kilikuwa na tiki, na ilichukua sekunde au masaa? Rehema ameshaweka kitu? Diski ilikuwa inatoa mlio wowote ulivyoichomeka jana? Na ulichomeka kwa ile waya yake fupi au waya nyingine ya mtaani, maana ile yangu ilikuwa imelegea? Umewahi kuangalia hizo muvi hata siku moja au ilikaa tu kwenye begi miaka yote hii? Na uliwezaje kufungua muvi kama Windows haiioni... ngoja. Sele. Ulikuwa unaangaliaje muvi?

Nipigie. Hata saa nane usiku.

Mbwana

NB: Kama ulikuwa unatumia ile laptopu ya zamani niliyokuwekea Ubuntu (nayo ni Linux) mwenyewe, basi nimekumbuka, ndiyo, iko hivyo, nimepumua. Bado unayo? Inawaka? Kama inawaka sahau habari zote za flashi na Rufus, chomeka diski humo.