Barua kwa Zuhura: ile sketi ya neti

Magomeni, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku, na mama mwambie namsalimu sana. Sisi wazima, joto tu ndilo linatumaliza.

Picha uliyonitumia nimeiona. Mteja wako anataka mwanawe avae sketi ya baleti siku ya kuzaliwa, ile iliyosimama kiunoni kama sahani, nawe unauliza neti inakatwaje isije ikalala. Nitakujibu. Ila unanijua, ukinichokoza kwa habari za nguo na asili zake sinyamazi, kwa hiyo utanivumilia kidogo.

Kwanza usidhani sketi hiyo ilizaliwa fupi. Baleti, dansi hiyo ya jukwaani ya Ulaya, ilikulia kwenye majumba ya wafalme, na wachezaji walikuwa wakubwa wenyewe. Mwaka 1653 Louis wa 14 wa Ufaransa, kijana wa miaka 14, alicheza amevishwa dhahabu tupu kama jua. Nguo ya jukwaani ilikuwa ile ile ya ikulu, imeongezewa mapambo tu. Wanawake walipoanza kucheza Opera ya Paris, jumba kubwa la maonyesho, mwaka 1681 waliingia na mzigo wao wote, koseti ya kubana kiuno na gauni la kufagia sakafu, na baadaye yakaongezeka yale matenga ya kutanulia nyonga. Sasa hapo mtu ataruka vipi? Miaka ya 1720 akatokea Marie Camargo, mwepesi wa miguu, akapandisha pindo mpaka vifundo vikaonekana. Watu walisema weee. Mwenzake Marie Sallé akawazidi: mwaka 1734 huko London alitoka jukwaani na gauni jepesi la melimeli, tenga hana, nywele hazikufungwa.

Sketi ya neti kama tunavyoijua ilikuja na Marie Taglioni, Paris, mwaka 1832, katika baleti ya La Sylphide. Alicheza kama kiumbe wa hewani, gauni jeupe kama kengele, mabega wazi, kiuno kimebanwa. Ukitazama picha za mabibi wa Paris wa miaka ile utaona umbo ni hilo hilo. Fundi wa jukwaani alichukua gauni la dansi la mjini, akaondoa uzito wake na kulikata juu ya vifundo. Taa za gesi zilikuwa zimeshaingia kwenye majumba ya maonyesho, na kitambaa chembamba cheupe kikipigwa na mwanga ule kinang'aa kama ukungu.

Lakini kitambaa chembamba na moto, unajua mwenyewe. Emma Livry alikuwa mwanafunzi wa huyo Taglioni, na mwaka 1860 mwalimu wake alimtungia baleti ya kipepeo anayevutwa na mwenge mpaka mabawa yanaungua. Kulikuwa na dawa ya kuzuia nguo isishike moto, na serikali ilishaamuru nguo za jukwaani zitiwe dawa hiyo, lakini ilikakamaza kitambaa na kukifubaza. Emma akakataa. Novemba 1862, siku ya mazoezi, alizipepea sketi zake kabla ya kuketi zisije zikajikunja, moto wa taa ukazidaka. Alikaa na majeraha yale miezi minane, akafa Julai 1863, msichana wa miaka ishirini na kitu. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa hadi leo kwenye makumbusho ya Opera ya Paris. Nikisoma habari hii simlaumu. Mara ngapi mteja amekukatalia bitana kwa sababu "inaharibu mwanguko wa nguo"? Tena si wachezaji peke yao. Wanawake wa Ulaya wakati ule, na zile sketi zao za matenga, waliungua majumbani kwao kwa mshumaa tu au moto wa kuotea baridi.

Baada ya hapo sketi ikazidi kupanda mpaka ikawa hiyo ya picha yako, kazi ya mwisho wa karne ya 19, watu waone goti na paja vinavyofanya kazi.

Karne ya 20 ndipo mitindo ya mjini na jukwaa vilipooana waziwazi. Kundi la baleti la Warusi la Sergei Diaghilev liliingia Paris mwaka 1909, na mwaka uliofuata wakacheza Schéhérazade, nguo zimechorwa na Léon Bakst: suruali pana za kukusanywa vifundoni, rangi za machungwa na bluu na kijani zimewekwa pamoja bila woga. Mwaka 1911 mbunifu Paul Poiret naye akawauzia mabibi wa Paris suruali za namna hiyo, ikawa kelele mji mzima. Yeye alishikilia kwamba hakuiga kwa Bakst. Mimi najichekea tu, maana mabibi wa Unguja walikuwa na suruali zao za marinda muda mrefu kabla ya hapo, wala hakuna aliyezimia.

Sasa nikueleze kinachoniudhi. Kila anayeandika habari hizi anamsifu mbunifu wa mitindo Coco Chanel kwa nguo za Le Train Bleu ya mwaka 1924, baleti ya watu wanaostarehe ufukweni. Kweli alileta nguo za michezo kama zile za dukani kwake: za kuogelea za kufuma, za tenisi, za gofu. Picha zake nzuri hasa. Ila mchezaji Lydia Sokolova alilalamika. Nguo yake ya kufuma ilikuwa legelege, mwenzake akimnyanyua anakosa pa kushika, na hereni kubwa za lulu zilimziba masikio asisikie muziki vizuri. Nguo ya kuvutia macho, mwili umesahauliwa!

Sifa zangu nampa Barbara Karinska. Huyu alizaliwa Kharkiv mwaka 1886, akaondoka Urusi ya Kisovieti, akashona Paris kisha New York kwa ajili ya baleti za mtunzi George Balanchine. Sketi ya sahani ilikuwa na waya ndani. Wachezaji wakigusana, ya huyu inapigwa upande mmoja na kuinuka upande wa pili. Mwaka 1950, kwa baleti ya Symphony in C, Karinska aliutoa waya, akapunguza tabaka za neti, akazishikiza kwa mishono ya mkono iliyolegea, zikajishikilia zenyewe na kutikisika kwa upole. Kwenye bodi, yaani sehemu ya juu ya nguo inayobana kifua, alikata vipande vya ubavuni kwa mshazari, ili mbavu zikipanua kifua nguo nayo ifuate.

Basi mfanyie hivyo mtoto wa watu, hiyo sahani achana nayo. Neti iwe ngumu, siyo laini ya shela. Tabaka fupi kabisa ikae karibu na mwili na kila ya juu iizidi kidogo ya chini yake, zote zishonewe kwenye chupi pana, siyo kwenye mkanda wa kiuno. Halafu shikiza tabaka na tabaka kwa sindano ya mkono, uzi ulegee. Ukiukaza, sketi itakunjamana.

Na viatu asinunue vya mazoezi, vile vya flati vya mtumba vinatosha. Navyo ni ukoo mmoja: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viatu vilikuwa kwa mgawo Marekani, mbunifu Claire McCardell akawaambia Capezio, watengenezaji wa viatu vya baleti, wavitie soli ngumu vivaliwe barabarani.

Nitumie kipimo cha kiuno na cha nyonga kwenye simu, Kariakoo naenda Jumamosi, neti nitakuchagulia mwenyewe. Niambie pia ni nyeupe au waridi, usije ukanilaumu baadaye.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi