Kabla ya kuokota masazo shambani, tafuteni majiko

Ndugu Mhariri,

Bei ya nyanya ikishuka hadi isifidie kibarua cha kuchuma wala nauli ya kufikisha tenga sokoni Kilombero mjini Arusha, mkulima wa Ngarenanyuki huziacha zioze shambani. Huku chini, zipo shule ambazo makande yake ni mahindi na maharage matupu, kwa sababu michango ya wazazi huishia hapo. Tunaomba nafasi tueleze jinsi pande hizi mbili zinavyoweza kuunganishwa kwa ushirika, maana wengi wenye nia njema huanzia shambani, na hapo ndipo wanapokosea.

Anzeni jikoni. Shule ya wanafunzi 400, ukiweka gramu 30 za nyanya kwa kila sahani, hutumia kilo 12 kwa siku, kilo 60 kwa wiki ya masomo. Canter ya tani 3 ni mzigo wa wiki nzima kwa shule 50 za ukubwa huo. Asiye nazo ataijaza Jumatatu na kumwaga Alhamisi, na mkulima akisikia hatatoa tena. Majiko 5 yaliyo kwenye barabara moja, tuseme Usa River hadi Tengeru, yanatosha kwa mwanzo: kilo 300, pikapu moja. Andikeni walaji ni wangapi, siku za kupika, na nani atapokea mzigo. Nusu ya nyanya zichumwe zimeiva, za Jumatatu na Jumanne. Nusu ziwe ndiyo kwanza zinageuka rangi, za siku zinazobaki. Zikifika, zipangwe kivulini kwa tabaka mbili tu. Tenga la mbao lililojazwa hadi juu huponda za chini kwa uzito na mitikisiko ya barabara. Tumieni kreti za plastiki na mziache wazi sentimita chache juu ili zikipangwa zisigandamizane.

Sasa mkulima. Hofu zake ni za haki: watu kukanyaga mipira ya umwagiliaji wa matone, kuchuma tuta ambalo bado ana mteja wake, na mzigo aliotoa bure kurudi sokoni kumvunjia bei. Kwa hiyo aoneshe mwenyewe mipaka ya eneo, wachumaji wasizidi 10 na wawe na msimamizi mmoja, na isiuzwe hata nyanya moja. Tena ulizeni kwanza kama masalo ya shamba hilo hayana mnunuzi. Akina mama wa genge huyanunua kwa bei ndogo, na si haki kumlisha mtoto wa jirani kwa kumnyang'anya mama huyu riziki.

Jambo tusilokubali lipuuzwe ni dawa. Kwa sababu ya kanitangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda, nyanya hupuliziwa mara kwa mara, na shamba linaweza kutelekezwa siku mbili tu baada ya kupuliziwa. Kabla ya kuchuma, mwulizeni mwenye shamba jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kupulizia, kisha msome lebo: kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna. Tarehe isipojulikana, ondokeni mikono mitupu. Kuosha kwa maji hakuondoi dawa iliyokwisha kuingia ndani ya tunda.

Maharage machanga yaliyokataliwa na wasafirishaji kwa kupinda au kuzidi urefu ni chakula kizuri, ila bila ubaridi yapikwe siku hiyo au kesho yake. Viazi vilivyogeuka kijani viachwe. Mahindi yenye ukungu msipokee hata kidogo. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha.

Ushirika si mgeni huku kwetu. Hapo Moshi, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa 1933. Lakini ule ulisimama juu ya kahawa inayouzwa; huu hauna mauzo, na kitakachouua ni nauli. Gawanyeni gharama ya safari kwa kilo kabla gari halijawashwa. Ikizidi bei ya nyanya kwenye soko lililo jirani na shule, msiende. Ni heri fedha hiyo inunue nyanya hapo hapo. Ikiwa chini, kila jiko lichangie kwa kilo linazopokea, mkulima asitozwe chochote. Pimeni kwa mizani, si kwa gunia wala lumbesa, na daftari lioneshe shamba, zao, kilo, tarehe ya dawa na jiko lililopokea. Mtoto akiumwa tumbo, daftari hilo ndilo litakaloonesha mzigo ulitoka wapi na nani mwingine aambiwe asiupike.

Mkulima atoe taarifa siku 3 kabla. Pasipo na namba yake, afisa ugani wa kata anajua ni mashamba gani yameiva na bei imefikia wapi.

Wasomaji wenu,
Usa River, Arusha