Mwanangu, twende Paducah

Louisville, Kentucky
Jumapili jioni

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata, na ile ratiba yako nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, miwani puani. Makumbusho matano ya Chicago kwa siku mbili! Kwa magoti haya yangu, la tatu mtaliona wenyewe mimi nikiwa nimekaa nje kwenye benchi. Na hela ya hoteli za Chicago hujaiandika popote. Nimetafuta.

Nina wazo jingine. Twende Paducah.

Usicheke kwanza. Ni mji wa watu kama 27,000, magharibi kabisa mwa Kentucky, pale mto Tennessee unapoingia mto Ohio. Wewe kutoka Nashville ni barabara ya I-24 moja kwa moja, mwendo wa saa mbili hivi. Mimi na mdogo wako Idi kutoka hapa ni kama saa tatu na nusu. Treni ya abiria haifiki, kwa hiyo panga mapema na yule rafiki yako mwenye gari. Na tusije tukapishana: saa za Paducah ni sawa na za kwenu, sisi huku tuko mbele saa moja. Nikikwambia saa nne asubuhi, ni saa nne ya kule.

Najua utakachosema, kwamba Paducah ni mji wa vibibi wanaoshona mablanketi ya viraka. Ni kweli, wapo, na ndio waliofanya UNESCO mwaka 2013 iuingize mji huo kwenye orodha yake ya miji ya ubunifu, upande wa kazi za mikono na sanaa za jadi. Wewe umekua chini ya meza ya cherehani yangu, ukiokota pini kwa sumaku. Kwa hiyo nataka tuiangalie kazi hii kama watu wanaojua nguo.

Nianze na National Quilt Museum, makumbusho ya mablanketi hayo ya viraka, yaani kwilti. Walioifungua mwaka 1991 ni mume na mke wa hapohapo mjini, Bill na Meredith Schroeder, ambao tangu 1984 walikuwa wameshaanzisha chama cha washonaji kwilti. Kwilti yenyewe ni tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana. Unazipiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, zisicheze, halafu unashona kupita zote tatu kwa pamoja, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Mshonaji mzuri wa mkono hutia mishono kumi mpaka kumi na miwili kwenye inchi moja, na nyuma iwe safi kama mbele. Jaribu usiku mmoja kwenye kipande cha shuka, ukiwa na subana kidoleni, ndipo uje uniambie habari za vibibi.

Mle ndani taa ni hafifu makusudi, maana mwanga unakula rangi, na kazi hubadilishwa mara kwa mara ili zipumzike. Siwezi kukuahidi utakachokikuta. Lakini uliza kama wameitundika Corona II: The Solar Eclipse ya Caryl Bryer Fallert, ya mwaka 1989. Ni jua lililopatwa: katikati weusi, pembeni miali inayozunguka kwa rangi ambazo mwanamke yule alizitia kwenye kitambaa kwa mkono wake. Kushona, yote ni ya mashine. Miaka ile zawadi kubwa ya maonyesho ya Paducah ilikuwa ya watu wa sindano ya mkono, na yeye ndiye wa kwanza kuichukua kwa mashine. Kuna walionuna. Mimi niliyelea watoto kwa cherehani nilisimama mbele ya kazi ile mpaka mlinzi akaniuliza kama nahitaji kiti.

Kitu kingine: wana kwilti moja iliyoning'inizwa kwenye fito, imekunjika kama mtu aliyetoka kuitoa juani. Ni mbao tupu. Fraser Smith ameichonga na kuitia rangi, mikunjo yote, mpaka unataka kuinyoosha. Mdogo wako atabisha, atataka kuigusa. Mshike mkono.

Sasa utauliza mbona tusiende Aprili, wakati wa wiki ya maonyesho ya kwilti. Mimi nilikwenda Aprili, na wenzangu wa kazini. Watu zaidi ya 30,000 huteremka mji ule kwa siku chache, wageni wengi kuliko wenyeji, na vyumba hukodishwa mapema sana hata majumbani mwa watu. Uzuri wa Aprili ni mmoja: kwenye ukumbi wapo akina mama wenye glavu nyeupe. Ukiomba kuona upande wa nyuma, mmoja anakuja, anashika pembe ya kwilti kwa vidole viwili, anaigeuza polepole, nawe unainama kutafuta fundo la uzi lilikozamishwa ndani ya pamba. Hulioni. Mimi niliomba hii, nikaomba na ile, mpaka yule mama akaanza kucheka kila akiniona nakuja. Hilo tutalifanya mwaka mwingine na shangazi yako, yeye anapenda msongamano. Sisi twende Oktoba. Kumetulia, jua si kali, na mtu wa dukani ana nafasi ya kuzungumza nawe.

Hiyo ndiyo sababu yangu hasa ya kukataa Chicago. Kule utaiona picha ukutani na kibao chenye jina la mtu aliyefariki. Paducah unaweza kumkuta mwenye kazi amekaa na kazi yake mapajani.

Mtaa wenyewe unaitwa Lower Town, kutoka makumbusho ni kutembea kwa miguu. Miaka ya 1990 ulikuwa umechakaa vibaya, nyumba nzuri za karne ya 19 zinaoza, nyingine zimegawanywa vyumba vya kupangisha, dawa za kulevya nje nje. Mwaka 2000 msanii mmoja mkazi wa hapo, Mark Barone, akishirikiana na Tom Barnett wa mipango miji, wakaja na mpango: wasanii waliochoshwa na kodi za miji mikubwa waitwe, wapewe nyumba zilizochakaa, nyingine kwa dola moja tu, na benki ya hapo iwakopeshe za ukarabati. Utaratibu wa mtaa ukaruhusu mtu kuishi, kufanya kazi na kuuza katika nyumba hiyohiyo. Wakaja wachoraji, wafinyanzi, wachongaji, washonaji. Nyumba ya dola moja isikutoe mate, maana kuna zilizokuwa hazina hata sakafu ya kusimama.

Nisikudanganye, si wote waliobaki. Wapo waliozeeka, waliouza, waliohamia kwingine, na milango mingine ya wasanii sasa ni nyumba za watu tu. Angalia kibao kabla ya kubisha hodi. Ukikuta pamefunguliwa, ingia, salimia kwanza. Watu wa Kusini wana jambo hili moja wanalofanana na sisi, hawapendi mtu anayeingia na kuanza na bei. Ulizia hali ya hewa, sifia baraza, ndipo uulize udongo unatoka wapi na tanuri linafika joto gani. Wakishaanza kueleza hawanyamazi. Kupunguziwa bei kama Kariakoo hakuna, usijaribu, utaniaibisha. Ukiona sahani kubwa imekushinda, nunua kikombe. Shule ya sanaa ya Paducah nayo iko humohumo mtaani, kwenye majengo ya zamani yaliyokarabatiwa. Tukikuta maonyesho ya wanafunzi tutaingia, maana wanafunzi huthubutu mambo ambayo wakubwa wameshayaogopa.

Jioni, kabla jua halijazama, tutashuka mtoni kuuona ukuta. Januari 1937 mto Ohio ulifurika, na tarehe 2 Februari maji yakafika futi 60.8. Watu kama 27,000 walihamishwa, karibu idadi ileile ya wakazi wa leo. Baadaye ukajengwa ukuta mrefu wa zege kuuzuia mto, na kwa miaka mingi mji ukawa umekaa nyuma ya ukuta wa kijivu. Mwaka 1996 Robert Dafford wa Louisiana na wenzake wakaanza kuuchora, kipande kwa kipande, historia yote ya mji: wenyeji wa asili, meli za magurudumu, soko, na hayo mafuriko yenyewe. Sasa ni picha zaidi ya hamsini. Simama kwenye ile ya 1937, halafu upite kwenye uwazi wa ukuta ukauangalie mto wenyewe. Ukiwa na bahati utaona meli moja ndogo inasukuma matishari kumi na tano yaliyofungwa pamoja, inakata kona taratibu sana hata huamini kwamba inakwenda. Idi atataka kuyahesabu. Mwache ahesabu.

Usiku tuchague kitu kimoja. Jengo la soko la zamani, la 1905, lina jumba la maonyesho ya sanaa na lina Market House Theatre, ambako wanaocheza jukwaani ni watu wa mji wenyewe, kwa kujitolea. Carson Center, iliyofunguliwa 2004, huleta vikundi vya nje, vikubwa, na tiketi zake zinafanana na ukubwa huo. Na kuna Maiden Alley Cinema, ya filamu ambazo kumbi kubwa hazioneshi. Mimi kura yangu ni kwa watu wa mji. Hata wakisahau maneno, utaona hadhira nzima inavyowasaidia kwa macho.

Sehemu moja nakuomba usiiache, hata ratiba ikivurugika: Hotel Metropolitan. Iko upande wa Oscar Cross Avenue, nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, ukipita kwa haraka huioni. Ilijengwa karibu na mwaka 1909 na mjane Mweusi, Maggie Steed, wakati ambapo hoteli za Wazungu hazikumpokea mtu wa rangi yetu hata awe nani. Louis Armstrong amelala pale. Ella Fitzgerald, Duke Ellington, B.B. King, hao wote waliopigiwa makofi usiku kwenye kumbi, wakihitaji kitanda walikwenda kwa wenye hoteli kama ile. Ilikuwamo kwenye Green Book, kile kitabu cha wasafiri Weusi cha kuonesha pa kulala na pa kula bila kufukuzwa. Leo ni makumbusho. Hufunguliwa kwa miadi, kwa hiyo piga simu wewe, Kiingereza chako kinaeleweka simuni kuliko changu. Ukipanda ghorofani utaona vyumba vilivyo vidogo. Nami nataka uvione kabla hujaona kitu kingine chochote kilichotundikwa ukutani siku hiyo, kwa hiyo omba miadi ya asubuhi.

Chakula. Mkate tutanunua Kirchhoff's, jina lililokuwa likioka Paducah tangu 1873. Nyama choma uwe macho: upande ule wa Kentucky wakisema babakyu, aghalabu wana maana ya nguruwe, na inawekwa juu ya mkate mpaka huijui ni nini. Uliza kwanza. Wenye kondoo ni Owensboro, wana sifa nchi nzima, lakini hawako njiani mwetu, na hata hao mchinjaji wao simjui. Nitapika pilau ya Ijumaa usiku, itakuja kwenye hotpoti. Samaki wa mtoni tutakula hapohapo.

Jumapili usiwekee matumaini. Miji hii midogo ya Kusini asubuhi ni kanisa, na maduka mengi ya katikati hayafungui. Tuamke taratibu, tunywe chai, tumpeleke Idi ng'ambo ya mto Metropolis, Illinois, ambako sanamu la Superman limesimama mbele ya mahakama. Nimeshamwahidi, picha moja na nusu saa, si zaidi. Halafu kila mtu njia yake, uwe bwenini kabla ya magharibi.

Hoteli nalipa mimi, chumba kimoja, karibu na mto ili tutembee kwa miguu. Petroli ya rafiki yako lipa wewe, na umlipe kabla hajakuomba. Nitumie tarehe yako ya mtihani kabla ya Alhamisi nipate kukata chumba. Kitabu cha michoro njoo nacho, simu ibaki mkobani.

Na lile duka la vitambaa, Hancock's of Paducah, liko upande wa kutokea I-24. Ijumaa ukifika kabla yangu, usiingie. Utakuta marobota kutoka chini mpaka juu, utachanganyikiwa, utanunua yadi tatu za kitu kisichofaa hata foronya. Nisubiri mlangoni. Chaki na futi ninazo.

Mama yako