Sensa ijayo itenge japo swali moja la lugha tunazoongea milimani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, limenikaa tangu sensa ya 2022 na najua 2032 iko mbali lakini mambo ya serikali bora uanze kuyasema mapema.

Mi ni mtu wa Ugweno, Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga. Ile Agosti 2022 nilikuwa nyumbani kwa bibi, karani akaja na kishikwambi chake, kijana mstaarabu tu wa hapohapo Shighatini, akauliza mpaka akamaliza, paa la bati au nyasi, choo cha aina gani, mnapikia kuni au gesi, nani ana kitambulisho cha NIDA. Akafika kwenye swali la kusoma na kuandika, yani unajua kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, vyote viwili, au lugha nyingine. Bibi akasema Kiswahili anasoma vizuri tu. Kijana akabonyeza. Bibi akauliza, "Na Kigweno je?" Kijana akacheka, akamwambia hapa bibi hamna sehemu ya kuandika Kigweno.

Tukacheka wote lakini mi nikabaki nawaza. Maana lile ndo swali pekee nililosikia linataja lugha, na lenyewe linauliza kusoma, haliulizi kuongea. Kwahiyo bibi yangu anayeota ndoto kwa Kigweno na mtoto wa hapo Kifula, Ugweno hukuhuku, ambaye hajui hata kusalimia kwa Kigweno, kwenye kompyuta za Dodoma wako sawasawa, wote "Kiswahili".

Kwa wasiojua, Kigweno sio Chasu, yani Kipare. Watu wakisikia Mpare wanadhani wote tunaongea kitu kimoja, kumbe Usangi hapo jirani wanaongea Chasu na sisi Kigweno chetu kimekaa karibu zaidi na Kichaga kuliko Chasu. Ila vijana wengi wamehamia Chasu au Kiswahili moja kwa moja. Wamebaki wangapi wanaokiongea? Namba zinazozunguka huko mitandaoni ni makadirio, mara nyingi mtu kachukua idadi ya watu wa eneo akaifanya ndo idadi ya wasemaji.

Mara ya mwisho sensa yetu kuuliza kabila ilikuwa 1967, nchi nzima tulikuwa milioni 12 na kitu. Kuanzia ile ya 1978 swali likaondolewa, na sababu inajulikana, tulikuwa tunajenga taifa, Mwalimu hakutaka watu wahesabiane kwa makabila. Mi sipingi hata kidogo, nikiangalia majirani zetu wanavyochukua namba za makabila kila sensa na kuzipeleka kwenye hesabu za kura naona tulifanya la maana. Lakini kabila na lugha ni vitu viwili. Hata huko Kenya wanakouliza kabila hawajapata jibu la lugha, Mtaita anaandikwa Mtaita, sasa kama anaongea Kidawida au Kisaghala au haongei chochote zaidi ya Kiswahili, hapo hujui.

Tumshukuru Mungu kuna watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza Mradi wa Lugha za Tanzania 2001, wakatoa Atlasi mwaka 2009, humo kuna lugha zaidi ya 150. Kazi kubwa sana ile. Ila mradi wa chuo hauwezi kugonga kila mlango, sensa inagonga. Na sensa ina kitu kimoja muhimu, ina umri wa kila mtu. Ukiwa na lugha na umri kwenye jedwali moja basi huhitaji mtaalamu, unaona mwenyewe wazee wa miaka 70 wanaongea wangapi, watu wa 40 wangapi, watoto wa chini ya 10 wangapi, ukikuta huko kwa watoto pamekauka unajua lugha inaondoka na wazee wake.

Sasa nije kwenye ugumu, maana najua wataalamu watasema sio rahisi, na kweli sio rahisi. Nenda Usambara, milima ya Lushoto, kuna ndugu zetu Wambugu, wale ambao wazee wao husimulia walitoka Lukipia huko Kenya. Mmbugu mmoja anaweza kuwa na Kimbugu cha kawaida ambacho kinafanana sana na Chasu, halafu ana Kima'a chao cha ndani, sarufi ni ileile ila maneno mengi ni mengine kabisa, mengi asili yake ya Kikushi, ukoo wa lugha kama Kisomali na Kiiraqw, mpaka wanaisimu toka Ulaya wamekuja kukistaajabia. Huyohuyo sokoni anaongea Kisambaa na shuleni alisoma kwa Kiswahili. Karani amwandike nini huyo? Ukimpa kisanduku kimoja umemlazimisha adanganye.

Halafu majina. Kuna atakayesema Kisambaa, mwingine Kishambaa, mwingine Kishambala, kompyuta isipofundishwa itaziweka lugha tatu. Kwa Wachaga ni kinyume chake, wote watajibu "Kichaga" wakati mtu wa Useri kule Rombo na mtu wa Machame wakikutana wanaishia kuongea Kiswahili ili waelewane (waulize walioleana).

Nepal, nchi ya milima mirefu kuliko hii yetu, wameyapitia haya. Sensa yao ya 2001 ilitoa lugha 92, ya 2011 ikatoa 123, ya 2021 ikatoa 124. Hazikuzaliwa lugha thelathini ndani ya miaka kumi jamani, ni watu walianza kudai lugha zao ziandikwe kwa majina yake badala ya kumezwa na kubwa. Na 2021 hawakuishia kwenye lugha ya mama, waliuliza pia lugha ya mababu na lugha ya pili, kwahiyo mtu ambaye babu zake waliongea kitu na yeye hakijui anaonekana wazi kwenye takwimu. Hiyo ndo akili ninayoitaka mimi.

Ila tusiige kila kitu. Kule kaskazini mwa Italia, kwenye milima ya mkoa wa Bolzano, watu wanajitangaza wao ni kundi la Kijerumani, Kiitaliano au Kiladini, na ajira za serikali zinagawanywa kwa uwiano huo. Waladini 2011 walikuwa asilimia 4.53, mpaka pointi zinahesabiwa! Lugha ikishafungwa kwenye ajira mtu atajaza fomu kwa tumbo, hatajaza kwa ulimi. Hapa kwetu jibu la lugha lisihusishwe na kazi wala bajeti ya mtu yeyote, libaki takwimu tu.

Ombi langu ni dogo. Kabila waliache hukohuko lilikozikwa. Waulize lugha uliyoanza kuongea utotoni, na lugha unazoongea nyumbani sasa hivi, zikiwa tatu ziandikwe tatu. Na kwakuwa kabla ya sensa kunakuwaga na sensa ya majaribio, wachague kijiji kimoja Ugweno na kimoja kule Rangwi, Lushoto kwa Wambugu, walijaribu swali hilo. Na makarani wa huko wafundishwe majina ya lugha za eneo lao kabla hawajapewa vishikwambi, maana yule kijana wetu nilikuja kumuuliza baadae, hata yeye Kigweno hakijui, bibi yake ndo anakijua.

Msomaji wako,
Shighatini, Mwanga